Ukingo umepishana kwa uzi mmoja, na mdogo wangu bado anasubiri zawadi ya harusi

Shikamoo Mama Mshauri,

Najua barua nyingi unazopokea ni za mambo mazito, kwa hiyo naona hata haya kukuandikia kuhusu kitambaa. Lakini kitambaa hiki kimenikosanisha na mdogo wangu, na sasa kinaanza kunikosanisha na mume wangu. Naomba unisikilize.

Mimi hudarizi. Nilianza na vitambaa vya meza, kisha nikaja kupenda kitu kimoja tu, sampla. Kwa wasioijua, ni kitambaa cha mishono ya msalaba chenye alfabeti, namba, mstari wa maneno, nyumba, miti miwili, ndege wanaotazamana, na ukingo wa maua unaozunguka pande zote nne. Zamani wasichana walijifunzia herufi na mishono kwa kuzishona. Siku hizi sisi tunaozipenda tunatafuta chati zilizonakiliwa kutoka kwenye zile za kale, tunazishona upya msalaba kwa msalaba.

Mdogo wangu alipochumbiwa nilimwahidi sampla ya harusi, yenye jina lake, jina la mumewe na tarehe. Nikachagua chati ngumu. Badala ya kitambaa cha Aida, ambacho matundu yake yanaonekana wazi, nikachukua kitani cha nyuzi 28 kwa inchi, ambapo kila msalaba unapita juu ya nyuzi mbili za kitambaa. Nilitaka akiitazama ajue dada yake aliketi akamfikiria.

Shida ilianzia kwenye herufi. Chati ile ya kale haina J wala U, maana enzi hizo I na J zilihesabiwa herufi moja, na U na V vilevile. Jina la shemeji linaanza na J. Nikachukua karatasi ya miraba, nikachora J yangu mwenyewe, ikafanana na wenzake, nikafurahi kweli. Ila kuipenyeza kwenye mstari kulinilazimu kuzisogeza herufi zote zilizofuata, na ukingo wa kulia niliupima kutoka kwenye herufi ya mwisho. Nadhani ni hapo hesabu ilipoteleza.

Niligundua baada ya muda mrefu, ukingo ulipokaribia kukutana kwenye kona ya chini kulia. Maua yanayoshuka na yale yanayotoka kushoto yamepishana kwa uzi mmoja. Hata msalaba mzima haufiki. Ni uzi mmoja wa kitani, kitu kisichotimia milimita moja. Ukisimama mbali kidogo huoni. Mimi naona hata nikifumba macho.

Nikafumua kipande, nikashona. Nikafumua tena, maana niliitwa katikati ya kuhesabu na niliporudi nikaanzia pasipo penyewe. Hapo katikati uzi mwekundu ukaniishia, nikanunua mwingine wa namba ile ile, ukatoka umekolea kuliko wa kwanza. Mkasi wangu mdogo wa kudarizia nikaukuta unakatia maboksi ya kazi ya shule. Paka akapata usingizi juu ya chati. Na ndugu mmoja wa mume wangu akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini nisipeleke kwenye mashine, wangenitolea kitu kama hicho kwa saa moja.

Harusi ikapita. Nilimwambia mdogo wangu zawadi inakuja, na sikumpa kingine chochote siku ile, kwa sababu niliona kumpa kitu kingine ni kukiri kwamba hiki kimenishinda. Sasa ni mjamzito. Hivi karibuni amenitumia ujumbe: "Dada, kile kitambaa nipe tu hivyo hivyo, au kama vipi ongeza na jina la mtoto tumalize." Akaweka na vikatuni vya kucheka. Iliniuma sana. Usiku wote ule niliokaa nikihesabu, kwake ni jambo la "tumalize". Sijamjibu. Hata kwenda kwake nimeacha, maana nitaingia na mikono mitupu kwa sura gani?

Mume wangu ananiambia, "Kazi gani hii ya kupumzisha akili inayokununisha kila jioni?" Kwake yeye, niitupe au niitoe, yote sawa. Nimeitia kwenye mfuko, ikiwa bado imebanwa kwenye fremu ya duara, nikaiweka juu ya kabati. Sijaigusa tangu hapo, na kitu kingine cha kushona sijaanza.

Nisaidie, Mama. Nifumue upande wote wa kulia nianze upya? Nimpe ikiwa na kosa lake? Au niachane nayo, na kudarizi kwenyewe niachane nako? Na yule mdogo wangu nimjibu nini?

Ni mimi,
Mhesabu Nyuzi

*

Marahaba mwanangu Mhesabu Nyuzi,

Toa haya. Watu wamenuniana miaka kwa mambo madogo kuliko kitambaa, na wewe umeandika mapema.

Nikuelezee nilivyoielewa barua yako, ili kama nimekosea unisahihishe moyoni unaposoma. Ulimwahidi mdogo wako kitu kikubwa kwa upendo. Ukachagua njia ngumu kwa makusudi. Hesabu ikateleza kwa uzi mmoja, ukajaribu kurekebisha, vikwazo vya nyumbani vikaingia, siku ya harusi ikafika na kupita. Ukaanza kumkwepa mdogo wako. Akakutumia ujumbe, ukauona ni dharau. Sasa unaniuliza kuhusu kufumua, na swali la mdogo wako umeliweka mwisho, karibu na sahihi, kama nyongeza.

Mimi ningependa kuanzia huko mwisho.

Ule ujumbe umeusoma kwa sauti gani? Maneno ya kwenye simu hayana uso. "Nipe tu hivyo hivyo" anaweza kuyasema mtu asiyejali. Anaweza pia kuyasema mtu aliyeona dada yake amepotea, akahisi kwamba kitambaa ndicho kinachomficha, akatafuta namna ya kumpunguzia mzigo bila kumwaibisha. Vile vikatuni vya kucheka wengine huviweka wakidharau, na wengine huviweka wakiogopa kwamba neno lao litaumiza. Simjui mdogo wako, wewe unamjua. Akiwa na wasiwasi, huwa anatania? Jiulize hilo kabla hujaamua kwamba alikudharau.

Na hilo la jina la mtoto, mbona umelipita haraka? Wewe umesikia "tumalize". Mimi nimesikia mama mtarajiwa anayetaka jina la mwanawe liwe kwenye kazi ya mkono wa shangazi yake, maana kwangu mimi dada wa mama... basi, mama mkubwa, usinicheke. Inawezekana nimesikia vizuri kupita kiasi. Lakini watu hawaombi jina la mtoto wao liandikwe kwenye kitu wasichokitaka.

Tena wewe mpenzi wa sampla huenda unaijua ile ya Jane Bostocke, iliyoko kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ndiyo sampla ya Uingereza ya zamani kuliko zote zilizobaki zikiwa na tarehe. Imeandikwa mwaka 1598. Maneno yaliyoshonwa juu yake yanataja kuzaliwa kwa mtoto aitwaye Alice Lee, tarehe 23 Novemba 1596. Hesabu mwenyewe. Hatujui kilichomchelewesha Jane, wala kama kuna aliyemnunia, lakini mtoto alikuwa ameshavuka mwaka mmoja, na pengine hata miwili, kazi ilipotiwa mwaka wake. Leo watu wanaitazama nyuma ya kioo na hakuna anayeona kwamba ilichelewa. Sisemi hivyo ili nikufariji kwa nguvu. Nasema kwa sababu umeandika kana kwamba sampla ina siku ya kuisha muda wake, kama dawa, nami sioni ni nani aliyeiwekea siku hiyo zaidi ya wewe.

Sasa tuje kwenye kitani chenyewe, maana najua huko ndiko akili yako iliko.

Kufumua upande wote wa kulia ndiyo njia inayokuvuta zaidi, na naielewa. Ikifanikiwa, kona itakutana na utalala. Lakini kuna jambo umelitaja mwenyewe kisha ukaliacha, nalo ni ule uzi mwekundu uliokolea. Ukifumua upande wa kulia, uzi uliotoka hautumiki tena, umeshachakaa. Utashona upya kwa huu wa pili. Hapo utakuwa na ukingo wa kushoto wenye wekundu mmoja na wa kulia wenye wekundu mwingine, na tofauti hiyo hata mgeni aliyesimama mlangoni anaweza kuiona. Utakuwa umebadilisha kosa lisiloonekana kwa linaloonekana. Wapo wanaopunguza tofauti ya namna hiyo kwa kutia sindanoni uzi mmoja wa zamani na mmoja wa mpya pamoja, ila ni lazima uwe umebakiwa na wa zamani, na kwa maelezo yako umekwisha. Kisha kitani nacho kina uvumilivu wake. Ukifumua pale pale tena na tena, nyuzi zake zinalegea na kutoa manyoya, na wekundu unaacha vumbi la rangi kwenye matundu.

Ukiamua njia hiyo hata hivyo, usiuvute uzi kwa sindano kurudi nyuma. Kata mishono kwa mkasi ule mdogo, michache michache, uitoe kwa kibano, kisha ubandike na kubandua utepe wa gundi juu ya kitambaa kuondoa manyoya. Na ufiche mkasi.

Njia ya pili ni kuimeza ile tofauti. Unajua kama mimi kwamba safu moja ya misalaba ikipita juu ya nyuzi tatu badala ya mbili, mahali fulani kati ya maua mawili, hakuna jicho litakaloikamata. Au kona yenyewe unaipa jani au tumba ambalo halipo kwenye chati. Washonaji wa zamani walifanya hivyo bila kuomba radhi. Ukizitazama sampla za kale kwa karibu utakuta kingo zilizofika kwenye kona zikaishiwa nafasi, ua likakatwa nusu, au mti mmoja ukawa mwembamba kuliko pacha wake. Hatari hapa haiko kwa mdogo wako, iko kwako. Wewe utajua liko wapi. Kila utakapomtembelea, macho yako yataenda pale kabla hujamsalimia. Kuna watu wanaoweza kuishi na hilo na hata kulichekea, na kuna wasioweza. Nadhani unajijua uko kundi gani, na hakuna kundi lililo bora kuliko jingine.

Ya tatu imenijia nilipokuwa nafikiria jina la mtoto. Nieleze kama nimekosea, wewe ndiye fundi. Ukingo wa chini ukiufungua katikati ukaacha nafasi, upande wa kushoto unakuja na hesabu yake, upande wa kulia unakuja na hesabu yake, na ule uzi mmoja unapotelea kwenye nafasi ya kati ambako jina linakaa. Hazihitaji kukutana. Utafumua nusu ya ukingo wa chini tu. Inavutia, najua, na ndiyo maana naiogopa kidogo. Jina hulijui bado, na huenda hata wao hawajalipata. Utakuwa umeahirisha tena, safari hii ukiwa na sababu nzuri. Kuzaliwa kwa mtoto kutageuka kuwa siku nyingine ya kuchelewa, na kama ilivyokuwa kwa harusi, unaweza kujikuta humwendei mzazi kwa sababu kitambaa hakijakamilika. Tena hujui kama alitania. Njia hii haifai kuanza kabla hujazungumza naye.

Kumpa kama ilivyo, kona ikiwa wazi na sindano imeshatolewa, nako ni kutoa. Ila angalia unatoa kwa moyo gani. "Haya chukua, si ulisema hivyo hivyo" ni maneno ambayo kitambaa kinaweza kuyasema hata kama mdomo umefunga, naye atayasikia.

Kuhusu kuacha kudarizi kabisa, sina mengi. Hujaniambia kwamba umechoka na sindano. Umeniambia ulivyofurahi ile J ilipofanana na wenzake. Mtu aliyechoka haandiki hivyo. Inawezekana ulichokichoka ni kushona kitu chenye deni, na hapo dawa inaweza kuwa kipande kidogo kisicho cha mtu yeyote, kisicho na jina wala tarehe, wakati hiki kikubwa kinasubiri. Wengine watakuambia kufanya hivyo ni kukimbia. Mimi sina hakika.

Mume wako naye, hapa nitamtetea nusu. Anaposema kazi ya mikono inapaswa kupumzisha akili, hajui kwamba kuna watu wanaopumzika kwa kuhesabu, na kwamba ugumu wenyewe ndio utamu. Hilo mweleze, kwa sababu anayekuangalia kutoka nje anaona tu mtu aliyekunja uso. Lakini ameona jambo la kweli, kwamba uso wako umebadilika. Badala ya kubishana naye kuhusu kutupa au kutotupa, mwombe kazi: akusomee chati na wewe uhesabu, au apitie hesabu yako upya kutoka mstari wa katikati. Unapofanya hivyo, pitisha uzi mwepesi wa rangi nyingine kila baada ya misalaba kumi, juu ya kitambaa chote, kisha utautoa mwishoni. Macho mawili mapya yatawaonyesha uzi uliteleza wapi hasa. Wewe umesema "nadhani" ni kwenye herufi. Kabla ya kufumua upande mzima ni vyema kuwa na uhakika, maana kama kosa liko kwenye ukingo wa chini na si wa kulia, utakuwa umefumua upande usio na hatia. Akikataa kusaidia, basi walau mkubaliane kwamba mtu akiwa anahesabu haitwi mpaka amalize mstari.

Yule ndugu wa mashine mwache. Hakuwa na ubaya, na hukumshonea yeye.

Sasa jibu kwa mdogo wako. Unaniuliza umwambie nini, na mimi nakuuliza kwanza: siku ya harusi, unadhani aliona nini? Wewe uliona kwamba kutoa kitu kingine ni kukiri umeshindwa. Yeye hakuwa ndani ya kichwa chako. Huenda aliona dada yake mkubwa amekuja bila chochote, kisha akaacha kuja kabisa. Sisemi aliumia. Nasema sijui, na kwa barua yako, wewe pia hujui. Tangu hapo mnazungumza habari za kitambaa tu, na kitambaa kiko juu ya kabati.

Unaweza kumwandikia bila kukitaja kwanza. Muulize anaendeleaje, anakula, analala. Kisha mwambie ukweli kwa urefu uleule ulioniambia mimi: kwamba uliona aibu kuja mikono mitupu, kwamba kuna kosa la uzi mmoja linalokunyima usingizi, kwamba ujumbe wake ulikuuma na hujui kama alikusudia. Bora zaidi, nenda nacho. Mtandikie mezani, mwonyeshe kona, umwache atafute kosa mwenyewe. Usimwonyeshe kwa kidole. Ukimya wake anapotafuta unaweza kukufundisha kitu kuhusu ukubwa wa tatizo hili.

Lakini nenda ukijua kwamba anaweza kusema jambo usilotaka kusikia. Anaweza kukuambia kwamba alikuwa anakutaka wewe na si sampla. Anaweza kusema kweli hajali vitambaa, kwamba hakuwahi kuvijali, na alipokea ahadi yako kwa sababu ya uso wako ulivyong'aa ulipoitoa. Hilo litauma. Ikiwa hivyo, utabaki na sampla nzuri yenye jina la watu wengine, na utalazimika kufikiri upya ulikuwa unamshonea nani usiku ule wote. Kama jibu ni kwamba ulijishonea mwenyewe, sioni ubaya wake, na pengine ungeweza basi kuichukulia muda wote unaoutaka na kumpelekea yeye zawadi nyingine ndogo, mapema. Au atashika kona ile na kukuambia usiiguse. Au atalia kwa sababu za mimba tu. Mimi siwezi kukuchagulia njia kabla hujamsikia, na ningekuomba na wewe usijichagulie.

Jambo moja halihitaji kusubiri hayo yote. Kitambaa kisikae kimebanwa kwenye ile fremu ya duara. Vumbi na mafuta ya mikono hujikusanya kwenye mstari wa duara, na alama yake ikikaa muda mrefu haitoki kirahisi hata kwa kufua. Kifungue leo jioni, ukilaze au ukiviringishe kwenye kitambaa cheupe safi. Kufua usifue bado. Nyekundu hizo mbili ni za kununuliwa nyakati tofauti, kwa hiyo kwanza chukua kipande cha kila uzi, ukiloweshe na kukikandamiza kwenye kitambaa cheupe, uone kama kuna unaochuja.

Wako,
Mama Mshauri